Pampu mbili za kizee na bega langu la kushoto

Baba mkubwa hakuzunguka. Alinikalisha kwenye kigoda nje ya jiko lake, Machame, Jumapili moja baada ya ibada, akanipa kata ya mbege, akasema, "Macho yamekwisha, mwanangu. Ile bunduki unaichukua wewe au niirudishe polisi?"

Nikamwomba wiki tatu. Hakupenda. Kwake hilo halikuwa jambo la kufikiria, ni kama mtu akuulize kama utakubali kuitwa jina la babu yako. Ila mimi wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeshaonyeshwa bunduki nyingine Usa River, imenikaa moyoni, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Mimi ni fundi mashine hapa Moshi. Nina karakana yenye leth (mashine ya kukereza chuma) moja ya zamani, mashine ya kutoboa, na majirani wanaolalamikia kelele. Kuwinda ndege nimekulia humo: tangu nipo darasa la tano nilikuwa namfuata baba mkubwa, kazi yangu kubeba kanga na kuokota maganda ya risasi, maana hakutaka tuache takataka kwenye malisho ya watu. Bunduki ya kwangu sikuwahi kuwa nayo. Kulenga nilijifunzia mgambo, na kulenga kibao kilichosimama hakukusaidii kitu siku kwale anapofumuka miguuni pako. Halafu mimi ni wa mashoto. Nakula kwa kulia kwa sababu bibi alinichapa, lakini nyundo, msumeno na bunduki naviweka kushoto.

Ya baba mkubwa ni Winchester Model 12, namba 12, mtutu wa inchi 30. Ya mzee wa Usa River, mteja wangu wa miaka mingi wa mashine za kumenyea kahawa, ilikuwa Ithaca Model 37, namba 16, mtutu wa inchi 26. Zote ni pampu: unavuta mkono wa mbao nyuma, ganda linatoka; unausukuma mbele, risasi nyingine inaingia chemba. Zote zimetengenezwa kabla sijazaliwa. Na uwezo wangu ulikuwa wa moja tu. Ukipiga hesabu ya ada, kasha la chuma la kufungia, na kujieleza kuanzia serikali ya mtaa hadi polisi, hutatamani kuyafanya mara mbili.

Kwanza nieleze hizo namba, maana hata mtoto wa shangazi ambaye tunawinda pamoja alidhani 16 ni kubwa kuliko 12. Ni kinyume. Zamani walipima upana wa mtutu kwa kuuliza: ukiyeyusha ratili moja ya madini ya risasi, utapata golori ngapi zinazoenea sawasawa kwenye mtutu huu? Zikitoka kumi na mbili, mtutu ni namba 12. Zikitoka kumi na sita, golori ni ndogo zaidi, basi na mtutu ni mwembamba zaidi. Kwa milimita, namba 12 ni kama 18.5, namba 16 ni kama 16.8. Tofauti hiyo unaiona ndogo kwenye karatasi. Siku ya kununua risasi utaiona vizuri.

Macho ya fundi yaliipenda Winchester. Ile bodi yake, yaani sanduku la chuma linalobeba mitambo, imechongwa kutoka kwenye chuma kimoja kizima. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya kuchonga anajua hiyo maana yake ni saa ngapi za kazi. Model 12 ilianza kutengenezwa mwaka 1912 kule New Haven, Marekani, na zikatoka kama milioni mbili kabla kiwanda hakijaiondoa kwenye uzalishaji wa kawaida mwaka 1964. Haikufa kwa ubovu. Iliuawa na gharama: washindani walishaanza kutumia vipande vya bati lililopigwa chapa, bei ikashuka, na yeye akabaki na saa zake za kuchonga. Nilipoifungua vipande viwili, mtutu na magazini (bomba la kuwekea risasi) huku, bodi na kitako kule, nikaona kitu ambacho kilinifanya nicheke peke yangu karakanani. Pale mtutu unapokutana na bodi kuna bushi yenye meno ya kurekebishia. Miaka ikipita, pakilegea, unaisogeza jino moja na panakaza tena. Aliyeichora alijua chuma kitakula chuma, akaacha nafasi kwa fundi ambaye hajazaliwa.

Nilifanya yale ambayo ningefanya kwa mashine yoyote ya mtumba. Nilihakikisha haina risasi, nikahakikisha tena. Nikamulika mtutu kutoka nyuma nikielekeza mdomo kwenye karatasi nyeupe, nikatafuta kivuli cha pete, maana pete ndani ya mtutu ni alama kwamba uliwahi kuvimba. Nikakagua mbao nyuma ya bodi, pale teke linapopigia, kama kuna ufa. Nikaitikisa ikiwa imefungwa. Ilikaa kimya. Rangi ilikuwa imekwisha chini ya bodi, mahali baba mkubwa alipoishikia akitembea kwa miongo minne, na pale chuma kimekuwa cheupe kama kijiko cha zamani.

Ithaca nayo ilinishika kwa njia nyingine. Haina tundu ubavuni. Risasi zinaingia kwa chini na maganda yanadondokea chini, tundu ni hilo moja tu. Wazo hilo asili yake ni la John Browning, na kampuni ya Ithaca ya New York ilisubiri hataza ziishe muda ndipo ikaanza kuitoa mwaka 1937, jina lake linatoka hapo. Kwa mtu wa mashoto hiyo ni neema. Bunduki nyingi hutupa ganda kulia. Ukiiweka bega la kushoto, ganda hilo linakatiza mbele ya uso wako. Ithaca inalidondosha karibu na viatu vyako, kwa adabu. Na vumbi la kule tunakowinda halina pa kuingilia. Halafu uzito: ilikuwa chini ya kilo tatu, wakati Winchester inaikaribia tatu na nusu. Nusu kilo siyo kitu ukiwa umesimama dukani. Itembeze kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tano ndipo uniambie.

Mzee wa Usa River aliona ninavyoishika. Akasema, "Hiyo imekupenda." Nikajua ananiuzia, lakini maneno yakaingia.

Tulizijaribu kwenye uwanja wa shabaha, kila mzee akiwa pembeni na bunduki yake na karatasi zake, na wazee wenyewe walisalimiana kwa ubaridi kama wakwe wawili wanaogombania mahari. Nilikuwa nimebeba karatasi za kaki za kufungia mizigo. Nikazitundika mita 20, nikapiga kila moja mara tatu, kila pigo karatasi yake, nikazikunja kwenda kuhesabia nyumbani.

Hapa ndipo nilipojifunza kuhusu choki, yaani ule mbano wa mdomo wa mtutu unaoamua marisau, zile golori ndogo ndani ya risasi, yatawanyike upesi au yaende yameshikana. Mtutu wa baba mkubwa ni choki kamili: kwa umbali wa yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu, karibu asilimia 70 ya marisau hutua ndani ya duara la inchi 30. Mtutu wa Ithaca ulikuwa na mbano mdogo, ambao kwa umbali huo hutia kama nusu tu. Lakini mimi nilipiga mita 20, siyo 36, na karatasi ziliongea waziwazi. Ya Ithaca ilitawanya upana wa ungo. Ya Winchester ilitoboa shimo kubwa na matundu machache pembeni, vyote upana wa sinia dogo. Mtoto wa shangazi alichungulia kupitia lile shimo akaniuliza kama nimepanga kuwinda kwale au kubomoa ukuta.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yameelekea upande wa Ithaca. Nyepesi, haitupi maganda usoni, mtawanyiko wake unafaa kwale wa karibu. Nilishaanza kutunga hotuba ya kumweleza baba mkubwa.

Jumanne nikaenda Arusha kuulizia risasi. Duka la kwanza: namba 12 zipo, marisau ya saizi tatu tofauti. Namba 16? Kijana alinitazama kama nimemuulizia sindano za gramafoni. Duka la pili mwenye duka mwenyewe alikuwa kaunta. Akaniambia aliwahi kuziagiza zamani, boksi zikakaa zikachakaa, hajarudia. "Kaka, nikuagizie boksi ngapi? Mbili? Mzigo wa boksi mbili unaujua gharama yake?" Nikapiga simu kwa watu wanaowinda. Mmoja alikuwa na risasi saba. Saba! Alizitaja kama mtu anayehesabu ng'ombe wake.

Nikarudi kwa mzee wa Usa River, nikamuuliza yeye alikuwa anakula wapi miaka yote. Akafungua kabati. Boksi mbili, moja imefunguliwa. Alikuwa na ndugu Ulaya aliyekuwa akimsaidia kupata kwa kufuata taratibu, ndugu ameshatangulia mbele za haki. Jumla zilikuwa risasi arobaini na moja. Nikifanya hesabu ya mazoezi na makosa yangu, huo ni msimu mmoja na nusu. Baada ya hapo ningekuwa nimenunua pambo la ukutani, na kwa sheria zetu bunduki hata ukutani haikai, inakaa kasha la chuma.

Kulikuwa na wazo la tatu, na nalitaja kwa sababu kila mtu alinipa: kununua Ithaca ile ile ya namba 12. Ndiyo, zilitengenezwa. Lakini hakuna aliyekuwa nayo. Watu wakikushauri kununua kitu ambacho hakipo sokoni wanajisikia wamekusaidia.

Nilimpigia baba mkubwa nikamwambia naichukua Winchester. Akasema, "Nilijua." Hakujua lolote.

Karatasi za kuhamisha umiliki zilichukua miezi, sina la kusimulia hapo zaidi ya kwamba beba nakala tatu za kila kitu.

Msimu ulipofunguliwa Julai tulitoka Moshi alfajiri, Boma Ng'ombe, KIA, tukakata kuelekea Mererani na kuendelea Simanjiro, leseni ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ikiwa mfukoni na idadi ya ndege imeandikwa. Baridi ya asubuhi ile, Kilimanjaro nyuma yetu umejifunika hadi kiunoni. Vijana wa Kimasai wakatuonyesha kwa fimbo upande ambao kanga walilala.

Kwale wa kwanza alifumuka hatua kama kumi na mbili mbele yangu. Nilifanya kila kitu sawasawa. Kitako begani, shavu kwenye mbao, nikamfuata, nikafyatua. Alidondoka pale pale, na nilipofika nikakuta mabawa mawili na kichwa vimeshikiliwa na nia njema. Hakuna nyama ya kumpelekea mtu. Ule upana wa sinia, kwa hatua kumi na mbili, unakuwa upana wa kisosi. Nilikaa chini nikamchambua yule ndege kwa aibu, nikapata kipande cha paja.

Maganda nayo yalifanya nilivyotarajia, yalipita mbele ya pua kama nzi mkubwa, na moja likaniingia kwenye kola likiwa la moto. Hilo nilizoea kwa siku mbili. Ndilo jambo nililolihofia kuliko yote nikiwa nachagua, na ndilo lililokuwa dogo kuliko yote.

Lililonipata lilikuwa jingine, na sikulitafuta kwenye bunduki kwa sababu halikuwa ubovu wa bunduki.

Safari ya pili tulikuta kundi la kanga. Kanga hapendi kuruka, anapenda kukukimbiza. Anatembea haraka, wewe unatembea haraka, anakimbia, unakimbia, ukichoka anasimama kukutazama. Tukawazunguka, mtoto wa shangazi akatokea upande wa korongo, wakaruka wote kwa pamoja kwa ile kelele yao ya mageti yasiyo na grisi. Nikapiga wa kwanza. Nikavuta mkono wa pampu, nikasukuma mbele kwa nguvu kuwahi wa pili, mdomo wa bunduki ukiwa umeshuka, na bunduki ikalia yenyewe. Marisau yalichimba ardhi hatua nne mbele ya viatu vyangu. Vumbi, mawe, kimya. Mtoto wa shangazi alikuwa kushoto kwangu, mbali ya kutosha, lakini nilimwona ameweka mikono kichwani.

Haikulia yenyewe. Kidole changu kilikuwa bado kimebana kifyatulio tangu pigo la kwanza. Bunduki za kisasa zina kikatishio: hata ukibana, ukisukuma pampu mbele haifyatuki mpaka uachie kidole na kubana upya. Model 12 haina. Ukishikilia kifyatulio, kila unapofunga pampu inapiga. Nilipomsimulia baba mkubwa kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Sasa ulikuwa unashikilia kifyatulio kwa nini?" Miaka arobaini na kitu hakuwahi kuniambia kwa sababu kidole chake hakikuwahi kufanya hivyo. Na nisijidanganye kwamba nilichagua vibaya, maana Ithaca za umri ule nazo ni hivyo hivyo. Ningeikuta tabia hiyo Usa River kama nilivyoikuta Machame.

Tulirudi siku hiyo bila kuendelea. Nikafunga bunduki, risasi zote za kweli nikazifungia chumba kingine, nikaingia karakanani nikachonga risasi nne za bandia kwa mti wa mpera, mahali pa fataki, pale pini ya bunduki inapogonga, nikaweka kipande cha raba ili pini isiumie. Mwezi mzima, jioni baada ya kazi, nilikuwa nasimama nimeelekea ukuta wa mawe: nafyatua, kidole kinatoka nje kabisa na kulala ubavuni mwa bodi, ndipo mkono unavuta. Fyatua, toa, vuta, sukuma. Mke wangu alisema nafanana na mtu anayejifunza kucheza ngoma ya kabila jingine. Ilikuwa kweli, mkono wangu wa kulia ndio unaopiga pampu na wa kushoto ndio wenye kidole, na mikono yangu haikuwahi kufundishwa kusubiriana.

Kuhusu risasi zenyewe nimekuwa mkali kuliko zamani. Mzee wa Usa River alinipa moja ya namba 16 iwe kumbukumbu, nami nimeiweka kwenye droo ya vipimo, mbali kabisa na zile ninazotumia. Risasi ya mtutu mwembamba haitakiwi kukutana na bunduki ya namba 12 hata mfukoni. Ile ya namba 20 ndiyo mbaya zaidi: ikiingia kwa bahati mbaya, inapita chemba na kukwama mbele, mtu anadhani bunduki haina kitu, anaweka namba 12 nyuma yake, anapiga, mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo sababu namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano. Watoto wa baba mkubwa waliwahi kuniuliza kwa nini nakagua mifuko ya koti kila asubuhi kama polisi wa barabarani.

Na kwale? Nimejifunza kuwasubiri. Anapofumuka naweka bunduki begani na kutaja moyoni vituo vya basi la Dar: Moshi, Same, Mombo. Nikifika Mombo ndipo nafyatua. Kwa mwendo wake, kufika Mombo ameshaenda mita 30 hivi, na hapo choki ya baba mkubwa inafanya kazi iliyotengenezewa: marisau yamefunguka kiasi, ndege anadondoka mzima, anaingia kwenye sufuria ya ndizi akiwa na umbo lake. Tatizo ni kwamba wengine hawafiki Mombo. Wanakata kona nyuma ya mgunga wakiwa bado Same, na mimi nabaki na bunduki begani namtazama mtoto wa shangazi akicheka. Hao nimewaachia.

Fundi mmoja wa silaha aliyeidhinishwa alishaniambia anaweza kuupanua mdomo wa mtutu mpaka nusu choki, kazi ya nusu siku, na kwale wa karibu wasingeharibika tena. Mimi mwenyewe nina leth, najua anachosema ni kweli, na najua pia kwamba chuma ukishakitoa hakirudi. Nilimpelekea baba mkubwa hilo wazo Krismasi, nikalifunga vizuri kwa maneno ya heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mdomo, akasema nisubiri kwanza afe.

Ana miaka 84. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kupanda kihamba chote kwa miguu, na mkungu wa ndizi begani.